Jike kumpanda jike, dume kumpanda dume: maswali ninayoulizwa mabandani

Mimi ni mhimilishaji, yaani napandikiza mbegu za dume kwa ng'ombe jike bila dume kuwepo, mtaani wananiita dokta wa ng'ombe. Nazunguka na pikipiki Goba, Madale, Mbezi mpaka Kigamboni, nyuma nimefunga mtungi wa naitrojeni yenye mbegu, na trafiki wakinisimamisha lazima waulize kama hiyo ni gesi ya kupikia. Kila nikishika mkia wa ng'ombe kuna mtu pembeni ana swali lake la wanyama wa jinsia moja, wengine wanauliza kwa kucheka, wengine kwa hasira kabisa, na mimi nikawa najibu yale yale kila siku mpaka nikaona bora niyaandike.

Dokta, ng'ombe wangu jike anampanda jike mwenzake. Ni ugonjwa, au nimefanyiwa kitu?

Hili ndo namba moja. Kuna mama mmoja Goba alinipigia saa kumi na moja alfajiri, anaongea chini chini kama mtu anayeficha msiba. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, fanya uje, huyu Neema kaanza tena ile tabia yake. Nafika nakuta banda la mabati, ng'ombe watatu, Neema kaweka miguu ya mbele juu ya mgongo wa mwenzake anakazana utadhani dume, na yule wa chini katulia tuli, kakanyaga sakafu barabara, mkia kauweka pembeni. Mama wa watu kageukia ukutani, wajukuu keshawafukuza wakaoge.

Nikamwambia mama, hapa hakuna mgonjwa, ila unamwangalia ng'ombe siye. Anayetakiwa kuangaliwa ni aliye chini.

Iko hivi. Jike akifika kwenye joto, yaani ule wakati wa kutaka dume na kushika mimba, homoni ya estrojeni inapanda, anakuwa hatulii, anapanda wenzake na wenzake wanampanda. Anayepanda anaweza kuwa kwenye joto, au anakaribia, au katoka jana, huwezi kumtumia kama ushahidi. Ila yule anayesimama akakubali kupandwa bila kukimbia, huyo ndo yuko kwenye joto lenyewe, na una masaa machache tu, mara nyingi kati ya 12 na 18. Ukimuona asubuhi unapandisha jioni, ukimuona jioni unapandisha kesho yake asubuhi. Yaani sisi wahimilishaji tunaishi kwa hiyo tabia, majike wakiacha kupandana mimi sina kazi.

Kumbe yule mama kila wakianza alikuwa anawatenganisha, mmoja anamfunga kwenye mwembe, mwingine anabaki bandani, na alishapanga kumuuza Neema kwa sababu ya aibu. Mzunguko wa ng'ombe ni siku 21 hivi. Alishafanya hivyo mara tatu, kwaiyo miezi miwili imepita ng'ombe anakula pumba na mashudu bila mimba, na bei ya pumba Dar es Salaam mnaijua wenyewe.

Sawa, ng'ombe tumeelewa. Ila huko porini ni kweli au ni stori za wazungu?

Ni kweli, na sio mnyama mmoja wawili. Mpaka sasa tabia hizi zimeandikwa kwa zaidi ya spishi 1,500, kuanzia nyani, ndege, nyangumi, samaki, mijusi mpaka wadudu. Kwa wanyama wanaonyonyesha peke yao, watafiti wa Hispania mwaka 2023 walikusanya taarifa zilizochapishwa wakapata spishi 261, na ukigawanya kwa familia za wanyama hao ni kama nusu ya familia zote zina angalau mnyama mmoja wa hivyo. Na hapo ujue wengi hawajawahi kuangaliwa vizuri. Nyangumi wa nundu tunaowasikia wakipita pwani yetu katikati ya mwaka, watu wamewafuatilia miaka na miaka bila kupata picha ya tendo lenyewe, ya kwanza ikapigwa Januari 2022 huko Maui, Hawaii. Walipoikagua vizuri wakakuta wote wawili ni madume, na mmoja anaonekana mgonjwa, kakonda na ngozi imejaa chawa wa nyangumi.

Ila angalizo. Watu wanachanganya vitu vingi kwenye kapu moja. Kuna kupandana, kuna kugusana sehemu za siri, kuna kubembelezana, kuna kukaa wawili kama mke na mume na kulea pamoja, na kuna mnyama ambaye hata umpe nafasi gani anachagua jinsia yake tu. Hicho cha kwanza kimejaa kila kona. Hicho cha mwisho ni adimu mno. Mtu akikwambia "wanyama 1,500 ni mashoga" mwambie kaka tulia kwanza, hapo umeruka hatua nyingi.

Twiga wetu naye? Nasikia madume ndo wamezidi

Twiga dume wana mchezo wa kupigana shingo, mbuga yoyote ukikaa mda mrefu utauona. Wanasimama ubavu kwa ubavu, mmoja anarusha kichwa kama nyundo, puu, mwenzake anajibu, wakichoka wanasuguana shingo taratibu, na hapo hapo mmoja anaweza kumpanda mwenzake. Inatokea sana kwa vijana wanaotembea makundi ya madume watupu. Jike wa twiga yuko tayari siku chache mno, kwaiyo mda mwingi dume kazi yake ni kujua yeye ni wa ngapi kwenye foleni. Kwenye intaneti kuna asilimia kubwa kubwa zinazungushwa kuhusu twiga, mimi sizitumiagi, maana kuhesabu mapandano machache ya sehemu moja sio sensa ya twiga wote.

Na ile picha ya simba?

Mwaka 2017 ilipigwa Maasai Mara, Kenya, simba dume kampanda dume mwenzake, ikasambaa dunia nzima. Bosi wa bodi ya filamu ya huko akasema hao simba watakuwa wameiga kwa watalii waliofanya mambo yao mbugani, na kwamba wanahitaji ushauri nasaha. Nilicheka sana siku hiyo, nikawa najiuliza huyo mshauri nasaha ataingiaje kwenye kikao, na atatokaje.

Ila tuseme ukweli wa simba. Dume mmoja hawezi kushika kundi la majike mda mrefu. Wanaungana wawili, watatu, wakati mwingine zaidi, mara nyingi ndugu waliokua pamoja, na wakipinduliwa, wanaoingia wanaua watoto walioachwa ili majike warudi kwenye joto mapema. Sasa kwa mnyama ambaye uhai wa watoto wake unategemea yule dume mwenzake wa pembeni, kusuguana vichwa, kulaliana na hata kupandana ni sehemu ya kuweka ule urafiki sawa, au kukumbushana nani mkubwa. Huko Okavango, Botswana, kuna majike walioota manyoya ya shingo kama madume, na mmoja wao alionekana akipanda majike wenzake na kunguruma mara nyingi kuliko kawaida. Hiyo inadhaniwa ni homoni ya testosteroni, hakuna mtalii aliyemfundisha.

Fisi ni kweli ana jinsia mbili, mwaka huu dume mwaka kesho jike?

Hapana. Hii stori ni ya zamani mno, hata Aristotle miaka zaidi ya 2,300 iliyopita alishaikataa. Kinachochanganya watu ni fisi madoa. Jike wake ana kisimi kimerefuka mpaka kinafanana na uume wa dume, kinasimama, anakojolea humo, anapandwa kupitia humo na mtoto anatokea humo humo, fikiria uchungu wake. Na majike ndo mabosi, dume mgeni kwenye kundi anakula mwisho.

Ile ya fisi wawili kusimama kichwa kwa mkia, kila mmoja kanyanyua mguu mwenzake ananusa, hayo ni maamkizi. Ndo shikamoo yao. Mdogo ndo anaanza kunyanyua mguu, na wanafanya jike kwa jike sana tu, ila hakuna anayetafuta mtoto wala starehe pale. Mfano mzuri wa jinsi macho ya binadamu yanavyodanganya, umeona viungo, ukahitimisha.

Si ni kwa sababu wamefungwa zuu? Ukimnyima dume jike unategemea nini

Hoja ina ukweli nusu. Ni kweli madume watupu bandani wanapandana zaidi, mfugaji yeyote aliyeweka mabeberu vijana peke yao analijua hilo. Wale pengwini wawili madume wa zuu ya Central Park, New York, Roy na Silo, waliokuwa wanaatamia jiwe mpaka wakapewa yai wakaangua kifaranga kikaitwa Tango, hao walikuwa wamefungwa kweli.

Ila nusu ya pili inakataa. Nyani wa Japani wanaoishi milimani, jike anamkataa dume yuko hapo hapo anamsubiri, anaenda na jike mwenzake, wanaganda pamoja siku kadhaa. Bonobo, ndugu wa karibu wa sokwe, wa msituni Kongo hawajafungwa na mtu. Albatrosi, ndege wa baharini wa Hawaii, nao anga lote la Pasifiki ni lao. Hao albatrosi wana stori ndefu, inakuja hapo chini.

Kwanini hatukuambiwa shuleni?

Kwa sababu walioona walinyamaza. Kuna daktari wa msafara wa Mwingereza Robert Scott kwenda Antaktika, George Murray Levick, msimu wa 1911 na 1912 alikaa Cape Adare akiangalia pengwini aina ya Adélie kuanzia kutaga mpaka kuondoka. Akaona madume wakipanda madume, akaona na mengine mabaya zaidi, wakipanda mpaka maiti za majike. Jamaa akashtuka, baadhi ya maelezo akayaandika kwa herufi za Kigiriki ili msomaji wa kawaida asielewe. Aliporudi Uingereza ile sehemu haikuingia kwenye ripoti, ikachapwa nakala chache za siri, na ikaja kutolewa hadharani mwaka 2012. Miaka mia moja, mtu kaficha habari za pengwini.

Na wengine hawakuficha, ila waliandika "dume" na "jike" kwa kuangalia nani yuko juu. Kwa ndege ambao dume na jike wanafanana, hiyo ilipita bila mtu kushtuka. Kipimo cha vinasaba ndo kimekuja kuumbua.

Haya, swali la msingi. Evolusheni si inasema anayezaa ndo anabaki? Sasa tabia isiyoleta mtoto imebakije?

Hapa kaa chini, chukua kahawa. Watu wanasubiri niwape sababu moja na mimi sina, kwa sababu hakuna sababu moja. Ni kama kuuliza kwanini watu Dar wanaamka saa kumi usiku. Mwingine anawahi foleni ya Mbagala, mwingine anawahi samaki Feri, mwingine anaswali, mwingine anakamua ng'ombe. Ukiwaona barabarani wote wanafanana.

Anza na kunguni. Aliyewahi kukaa hosteli hahitaji kutambulishwa. Dume wa kunguni hajui kutofautisha, akiona kunguni yeyote kashiba damu, tumbo limejaa, anamrukia. Na namna yao ni ya kikatili, dume anatoboa tumbo la mwenzake kama sindano na kumwaga mbegu humo humo ndani. Jike ana sehemu maalumu tumboni inayopunguza madhara, dume hana. Kwaiyo dume akipandwa anatoa harufu ya hatari, ile ile wanayotoa wakibughudhiwa, na aliyempanda anamwachia. Hapa hakuna urafiki wala mapenzi, ni pupa. Na pupa hiyo ina hesabu yake, dume anayechelewa kukagua jinsia anakosa majike wengi, anayeruka ruka anakosea mara kadhaa lakini kwa jumla anatoka na watoto wengi. Wadudu wengi wako fungu hili.

Ukitoka hapo nenda kwa bonobo, ni mbingu na ardhi. Bonobo wanaishi kusini mwa mto Kongo tu, upande mwingine wa mto hawapo. Majike wakikuta mti wa matunda umeiva, tenshen inapanda, kila mtu anataka tawi zuri. Wawili wanakumbatiana uso kwa uso, wanasuguana sehemu za siri sekunde chache, alafu wanakula pamoja. Utafiti wa msituni LuiKotale uliotoka 2019 ulipima mkojo wao, ukakuta baada ya hilo tendo la jike kwa jike homoni ya oksitosini, ile inayomfunga mama na mtoto, iko juu kuliko baada ya kwenda na dume. Na jike wa bonobo anapohama anaenda kundi la wageni ambako hana dada wala shangazi. Urafiki wa majike ndo unamfanya asionewe na madume. Kwaiyo hiyo tabia haileti mtoto siku hiyo, ila inamweka mama mahali ambapo mtoto wake ataishi. Kuzaa ni kitu kimoja, mtoto kukua ni kingine, wazazi wote wanaosoma hapa wananielewa.

Kwa madume kuna kisiwa cha Cayo Santiago, Puerto Rico, kina nyani aina ya rhesus ambao ukoo wao unajulikana toka mababu. Watafiti wa Imperial College London waliwafuatilia madume 236 miaka mitatu, matokeo yakatoka 2023. Asilimia 72 walionekana wakipanda madume wenzao, asilimia 46 tu ndo walionekana wakipanda majike. Madume wanaopandana wakawa wanasaidiana zaidi kwenye ugomvi, na hawakuonekana kuwa na watoto wachache kuliko wengine. Kuna na urithi humo, ila mdogo, kama asilimia 6 tu ya tofauti kati yao inaelezwa na vinasaba.

Albatrosi sasa. Kaena Point, kisiwa cha Oahu, watu walikuwa wanashangaa viota vyenye mayai mawili wakati ndege huyu anataga moja tu kwa mwaka. Mtafiti Lindsay Young akapima vinasaba, mwaka 2008 akatangaza kwamba asilimia 31 ya wenza pale ni jike na jike. Kwanini? Majike walikuwa asilimia 59, madume hawatoshi. Na albatrosi peke yake hawezi kulea, mmoja lazima aatamie wakati mwenzake yuko baharini anatafuta chakula. Kwaiyo majike wawili wanaungana, mbegu wanapata kwa dume wa jirani aliyeoa kwingine, mayai yakiwa mawili moja linapotea maana hawawezi kuatamia yote, na anayelea mwaka huu anaweza kuwa analea mtoto wa mwenzake. Wanafanikiwa kidogo kuliko jike na dume, ila kidogo ni kidogo, sio sifuri. Jike aliyekaa peke yake kusubiri dume anapata sifuri. Hii naipenda kwa sababu haihitaji falsafa, ni hesabu ya uhaba tu.

Kuna na mijusi flani wa jangwani, kusini magharibi ya Marekani na Mexico kaskazini, spishi nzima ni majike. Hakuna dume hata mmoja, mayai yanakua bila mbegu. Ila bado wanapandana kwa zamu, leo wewe juu kesho mimi, kufuatana na homoni, na anayepandwa anataga zaidi kuliko aliyekaa peke yake. Madume waliondoka kwenye ukoo wao ila mwili bado unasubiri kuguswa ndo uanze kazi.

Alafu mwaka 2019 kundi la wanasayansi vijana likageuza swali lenyewe. Wakasema tumekuwa tunauliza jinsia moja ilianzaje, kana kwamba mwanzoni kila mnyama alijua dume ni nani na jike ni nani. Viumbe wa kwanza waliojamiiana walikuwa wanafanana, hakuna rangi wala pembe wala harufu ya kutofautisha. Inawezekana mwanzo walikuwa wanajaribu kwa yeyote, na huku kuchagua jinsia tofauti tu ndo kumekuja baadae, kwa baadhi, pale ambapo kukosea kulikuwa na gharama kubwa. Pasipo na gharama tabia ya zamani ikabaki kama ilivyo. Hiyo bado ni hoja inayopimwa, ila mimi naona imetusaidia kuacha kuuliza kama polisi.

Kuna mnyama anayechagua jinsia yake tu, hata majike wakiwepo?

Yupo, kondoo dume wa kufugwa. Kwenye kituo cha utafiti cha kondoo Dubois, jimbo la Idaho, madume waliwekwa wachague wenyewe, dume au jike, na takriban asilimia 8 wakawa wanachagua madume tu, mara zote. Mtafiti Charles Roselli na wenzake wa Oregon wakapima ubongo, mwaka 2004 wakaonyesha kuna kijisehemu ndani ya haipothalamasi ambacho kwa madume wanaopenda majike ni kikubwa karibu mara mbili ya kile cha wanaopenda madume. Na hicho kinajengeka mtoto akiwa bado tumboni, kwa homoni. Mfugaji aliyenunua dume kwa hela nyingi akamkuta hagusi majike anaweza kudhani kauziwa mgonjwa, kumbe mnyama mzima kabisa, anakula, ananenepa, ila mbegu hatakupa.

Kwaiyo kuna jini linalosababisha?

Jeni, ndugu yangu, jeni. Jini ni mambo mengine, kamuulize shehe. Jeni moja la kusababisha haya halipo. Hata kwa binadamu, utafiti mkubwa wa 2019 uliopima watu karibu 470,000, wengi wa Uingereza na Marekani, ulikuta sehemu tano za vinasaba zenye mchango mdogo mdogo na nyingine nyingi zenye mchango mdogo zaidi, na ukizijumlisha zote huwezi kumnyooshea mtu kidole ukamtabiri.

Mbwa wangu dume anapanda mbwa wa jirani dume, na juzi kapanda mguu wa mgeni

Msisimko, mchezo, na wakati mwingine ubabe. Mgeni mpe soda.

Na bata?

Bata dume hawana adabu kwa yeyote. Mwaka 1995 huko Rotterdam, bata mwitu dume alijigonga kwenye kioo cha makumbusho akafa, na bata dume mwenzake aliyekuwa anamkimbiza akampanda ile maiti dakika 75, msimamizi wa makumbusho Kees Moeliker anaangalia dirishani na daftari lake. Akaandika makala, mwaka 2003 wakampa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza alafu unafikirisha.

Sasa dokta, hapa unataka kusema hata kwa binadamu ni sawa, au sio sawa?

Nilijua tu litakuja, na kawaida anayeuliza keshakuwa na jibu lake anatafuta shahidi. Mimi sitoi wanyama wangu kama mashahidi wa upande wowote. Mwenye kusema "hata wanyama hawafanyi" kakosea kwa ushahidi, wanafanya, nimeonyesha hapo juu. Na mwenye kusema "wanyama wanafanya kwaiyo sawa" nae ajiangalie, maana simba anaua watoto wa kambo na bata nimeshakusimulia. Neema hakupanda mwenzake ili atufundishe dini wala sheria. Anayetaka kubishana kuhusu watu abishane kuhusu watu.

Nina ng'ombe mmoja tu, hana mwenzake wa kumpanda. Ntajuaje yuko kwenye joto?

Swali zuri, na Dar ndo tatizo kubwa, watu wana viwanja vidogo, ng'ombe mmoja bandani, joto linapita kimya kimya. Angalia ute usio na rangi, unaong'aa na kuvutika kama uzi chini ya mkia, au umegandia matakoni. Analia lia bila sababu, maziwa yanapungua ghafla, anakula kidogo, anakuwekea kidevu mgongoni ukiinama kufagia. Ukiona damu kidogo imekauka kwenye mkia joto limeshapita siku mbili hivi, usinipigie, andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, hesabu siku 18, anza kuchungulia asubuhi na jioni. Na ukimuona asubuhi nipigie asubuhi ile ile, sio saa kumi na moja jioni nikiwa nimenasa foleni Mwenge na mtungi mgongoni.

Yule mama wa Goba siku hizi ananipigia na kusema "Neema kampanda mwenzie", sauti ya juu mpaka majirani wanasikia.